Kutoka Eugene hadi Lualaba: miaka arobaini na ushei ya Mobility International USA

Historia ya taasisi nyingi huanza na ukumbi, hotuba na utepe wa kukatwa. Hii inaanza na udhamini wa masomo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Rotary ilimpa msichana wa Kimarekani, Susan Sygall, nafasi ya kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia. Sygall alikuwa akitumia kiti cha magurudumu tangu ajali ya gari iliyompata akiwa na umri wa miaka 18. Alisoma, kisha akazunguka; New Zealand akaomba lifti barabarani kama vijana wengine wasio na nauli. Kila alikokwenda aliona jambo lilelile: vijana waliotumwa ng'ambo na vyama vya kubadilishana walikuwa wengi, ila mwenye kiti cha magurudumu alikuwa yeye tu. Wenye ulemavu hawakuwa wamekataliwa kwa barua. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba wangetaka kwenda.

Mwaka 1981 yeye na mwenzake Barbara Williams walifungua ofisi katika mji wa Eugene, jimbo la Oregon, wakachukua jina la chama cha Ulaya kilichokuwa kikifanya kazi hiyohiyo: Mobility International USA, au MIUSA kwa kifupi. Eugene si Washington wala New York. Ni mji wa wastani, wenye chuo kikuu, misitu na mvua nyingi, na pengine ndiyo maana wageni walioalikwa huko waliishi majumbani mwa watu badala ya kufungiwa hotelini.

Mtu wa Kindu ana haki ya kuuliza yote hayo yanamhusu nini. Kindu iko jimboni Maniema, mashariki mwa Kongo, kwenye ukingo wa mto Lualaba, komine za Kasuku na Mikelenge upande wa magharibi na Alunguli ng'ambo ya mto, daraja hakuna. Kufika Kinshasa ni kwa ndege. Oregon iko mbali hata kwa kuifikiria. Lakini Rotary iliyomlipia Sygall nauli ndiyo hiyohiyo iliyoanzisha mwaka 1985 kampeni ya kutokomeza polio duniani, na kampeni hiyo ina ukurasa wake Maniema. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya virusi vya asili aliyeandikwa Kongo alipooza Desemba 2011, katika jimbo hili letu. Mei 2017 serikali ikatangaza mlipuko mwingine, safari hii wa virusi vilivyotokana na chanjo yenyewe pale ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, na majimbo mawili ya kwanza kutajwa yalikuwa Haut-Lomami na Maniema. Mtoto aliyepooza mwaka 2011 leo ni kijana. Hahitaji tena matone mdomoni. Anahitaji kazi, mtaji, na njia ya kufika sokoni, na kama ni msichana anahitaji pia watu waache kumhesabu miongoni mwa wale wa kusaidiwa tu.

Swali hilo, la mwanamke mwenye ulemavu na mfuko wake wa pesa, ndilo ambalo MIUSA ilikuja kulishika baadaye. Haikuanza nalo.

Miaka yake ya kwanza ilikuwa ya misafara ya vijana: kundi linakwenda nchi fulani, kundi la nchi hiyo linakuja Oregon, wenye ulemavu na wasio nao pamoja. Nyuma yake kulikuwa na vuguvugu la wenye ulemavu la California, ambako Sygall alikuwa amesoma. Mjini Berkeley wenye ulemavu walifungua mwaka 1972 kituo chao wenyewe cha kuishi kwa kujitegemea, na Aprili 1977 wenzao waliikalia ofisi ya serikali mjini San Francisco kwa zaidi ya wiki tatu, wakilala sakafuni bila vifaa vyao vya nyumbani, hadi waziri akatia saini kanuni za kupiga marufuku ubaguzi. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Judy Heumann, aliyekuja kuwa mshauri wa kwanza wa Benki ya Dunia kuhusu ulemavu mwaka 2002. Watu wa aina hiyo hawakuwa wakitafuta huruma. Waliokwenda Eugene kwa mafunzo walikutana na tabia hiyo mapema sana, na wengine iliwashtua.

Mwaka 1995 ulibadilisha mwelekeo wa chama. Septemba ya mwaka huo dunia ilikutana Beijing kwa ajili ya Mkutano wa Nne wa Wanawake, na mashirika yasiyo ya kiserikali yakapelekwa Huairou, mji mdogo nje ya jiji. Wanawake wenye ulemavu walifika kutoka kila bara, ujumbe wa MIUSA ukiwemo. Walichokuta ni ngazi, matope na mahema ambayo kiti cha magurudumu hakingeweza kuingia. Mkutano ulioitishwa kuzungumzia usawa wa wanawake wote ulikuwa umewasahau wanawake hawa kwenye ramani ya ujenzi. Waliandamana hapohapo, mbele ya kamera. Azimio la Beijing liliwataja, na kutajwa ni hatua. Lakini waliorudi makwao walirudi na hoja nzito zaidi, kwamba harakati za wanawake nazo zina mlango, na mlango huo una ngazi.

Miaka miwili baadaye, Juni 1997, wanawake wenye ulemavu 614 kutoka nchi 82 walikutana Bethesda, karibu na Washington, katika kongamano lao wenyewe. Mwaka huohuo MIUSA ikaanzisha mafunzo ya uongozi kwa wanawake wenye ulemavu, yanayojulikana kwa kifupi chake cha WILD. Hiyo ndiyo kazi iliyokipa chama jina, na ndiyo ninayotaka kuikalia.

Mafunzo huchukua kama wiki tatu. Wanachaguliwa wanawake ishirini na kitu, kila mmoja kutoka nchi yake, na karibu wote tayari wanaongoza kikundi au chama nyumbani: huyu ni kiziwi, yule haoni, mwingine anatembea kwa magongo, mwingine ana ualbino au ulemavu wa kuungua moto. Wanakaa na familia za Eugene. Wanapanda basi la mji, lile ambalo dereva anabonyeza kitufe na ubao wa kupandia unashuka wenyewe, na mwanamke ambaye kwao hubebwa mgongoni na kaka yake anapanda peke yake, analipa, anatafuta nafasi. Wanapelekwa msituni kwenye kamba zilizofungwa juu ya miti, na mtoni kwa mitumbwi ya mpira. Mhasibu wa mashirika ya misaada akiona kamba na mitumbwi kwenye bajeti atakuna kichwa. Mimi pia nilidhani ni mchezo wa Wazungu, mpaka nilipofikiri ni mara ngapi mwanamke mwenye ulemavu wa miguu huku kwetu ameambiwa tangu utotoni asikaribie maji.

Zaidi ya hayo kuna siku kadhaa ambazo, kwa maoni yangu, ndizo kiini cha kazi yote. Katikati ya mafunzo MIUSA huwaita maofisa wa mashirika makubwa ya maendeleo, wale wanaogawa mikopo midogo, mbegu, semina za biashara na fedha za kujenga upya baada ya vita, na kuwakalisha meza moja na wanawake hawa. Hawaji kuhutubia. Wanakuja kuulizwa. Katika wakopaji wenu, wangapi ni wanawake wenye ulemavu? Ofisi yenu ya wilayani iko ghorofa ya ngapi? Fomu ya kuomba mkopo, asiyeona anaisomaje? Jibu la kawaida lilikuwa kwamba wenye ulemavu wanahudumiwa na mradi mwingine, wa mashirika mengine. Hoja ya MIUSA, iliyorudiwa kwa miaka mingi hadi ikawa mkakati rasmi, ilikuwa kukataa jibu hilo. Hawakutaka mradi wao wa pembeni wa kusuka vikapu. Walitaka kupenya ndani ya ile miradi mikubwa ambayo tayari ilikuwa na jina la wanawake.

Hoja hiyo inapimika vizuri zaidi Kindu kuliko Eugene. Chukua AVEC, hivi vikundi vya kuweka na kukopeshana vilivyoenea Kongo ya mashariki. Mbinu yake ilizaliwa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, na sasa karibu kila mtaa una kikundi chake kando ya likelemba za zamani, ile michango ya kupokezana zamu. Kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu tofauti. Kila kikao mwanachama hununua hisa, kuanzia moja hadi tano, na hisa zake hugongwa mihuri kwenye kijitabu. Pembeni kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Mwisho wa mzunguko, baada ya miezi kama kumi na miwili, sanduku linafunguliwa na kila mtu anapata chake pamoja na faida ya mikopo. Hakuna benki, hakuna rehani, hakuna mume wa kutia saini. Kwa mama muuza mawese au unga wa muhogo, hakuna kitu kilichobuniwa katika miaka hii chenye faida kama hicho.

Sasa ingiza mwanamke mwenye ulemavu. Kanuni za kikundi zina faini ya kuchelewa. Anayetambaa, au anayesukuma baiskeli ya mkono kwenye njia iliyolimwa na mvua, au anayesubiri Alunguli mtumbwi ambao mwenyewe atakubali kupakia magongo na kiti, atachelewa, na atatozwa. Mara tatu, mara nne, hisa zake zinaliwa na faini. Kiziwi ana shida nyingine ambayo ni vigumu kuiona mpaka mtu akuonyeshe. Vikundi vingi vya wasiojua kusoma huhifadhi hesabu kwa kumbukumbu: mwisho wa kikao kiasi kilichomo sandukuni hutajwa kwa sauti, wote wanakirudia, na kikao kijacho huanza kwa kuulizana kilikuwa kiasi gani. Ulinzi wote wa sanduku uko katika sauti. Kiziwi amekaa hapo, ameweka pesa zake, na yeye peke yake hajui sanduku lina nini. Asiyeona, kwa upande wake, ana nafuu kidogo hapo kwa kuwa anasikia, lakini kijitabu chake kinagongwa na mtu mwingine.

Marekebisho yake hayana gharama ya kutisha. Kikao kihamie karibu na yule asiyeweza kutembea. Faini isimhusu anayevuka mto. Hesabu iandikwe kwa mkaa au chaki ubaoni na ionyeshwe kwa vidole. Kijitabu cha asiyeona kitobolewe badala ya kugongwa mhuri. Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji daktari. Linahitaji mtu wa kuyasema kabla kanuni hazijapitishwa, na ndiyo maana mafunzo ya uongozi na mafunzo ya biashara hayatenganishiki kwa mwanamke huyu. Mikopo bila sauti ya kubadilisha kanuni ni faini tu inayongoja siku yake.

Nigeuke kando kidogo, kwa sababu lugha ya miradi huwa inatusahaulisha. Wanawake wa mto huu hawakuanza kufanya biashara siku shirika la kwanza lilipofika. David Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871, mwendo wa kupanda mto kutoka hapa Kindu, alikuta soko kubwa ambalo wanawake ndio waliolishika: samaki, chumvi, vyungu, muhogo, mafuta ya mawese, wakivuka Lualaba kwa mitumbwi na mizigo kichwani. Tarehe 15 Julai mwaka huo watu wa wafanyabiashara kutoka pwani walilifyatulia risasi soko hilo, na mamia wakafa kwa risasi na kwa kuzama. Livingstone aliona kwa macho yake, na habari aliyoipeleka iliitikisa Uingereza. Soko lenyewe lilirudi. Baada ya hapo lilipita katika mikono ya Wabelgiji na reli yao, na katika vita vya 1998 hadi 2003, Kindu ikiwa chini ya waasi wa RCD tangu Oktoba 1998 na wapiganaji wa Mai-Mai wakiwa wamefunga njia za kuingia. Wanawake walioendelea kupitisha chakula wakati ule hawakuwa wamehudhuria semina yoyote. Kilichowabana zaidi kilikuwa sheria: Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kwa matendo ya kisheria, na idhini hiyo haikufutwa mpaka marekebisho ya Julai 2016.

Basi mafunzo ya Eugene yasisomwe kama hadithi ya watu waliokuja kuamsha waliolala. Kazi yake ilikuwa kuwakutanisha watu wanaojua kazi, kila mmoja na kipande chake.

Vipande vizuri vya Afrika Mashariki vilikuwa tayari vimechongwa. Uganda ilikuwa mbele ya wote: katiba ya mwaka 1995 iliwapa wenye ulemavu uwakilishi bungeni, na sheria ya serikali za mitaa ya 1997 ikaweka madiwani wawili wenye ulemavu katika kila baraza, mmoja wao lazima awe mwanamke. Kwa hiyo wakati wanawake wa Bethesda wakijadili namna ya kuingia kwenye maamuzi, maelfu ya Waganda walikuwa karibu kuapishwa. Kampala pia ndiko wanawake wenye ulemavu walikojenga karakana ya viti vya magurudumu, wakaiita MADE. Walichomelea vyuma wenyewe. Kiti cha aina hiyo kina historia ya kubadilishana ndani yake: mhandisi Ralf Hotchkiss, aliyepooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, alianza kujifunza kwa mafundi wa Nicaragua mwaka 1980 jinsi ya kutengeneza kiti kinachostahimili njia mbovu na kinachotengenezeka kwa vyuma vya dukani, kisha mbinu hiyo ikasambazwa kutoka chuo kikuu cha San Francisco State hadi karakana za nchi nyingi. Mmarekani alifundishwa na Wanikaragua, na Waganda wakakiboresha. Hivyo ndivyo kubadilishana kunavyopaswa kuonekana, mafuta ya mashine mikononi.

Kenya iliweka haki za wenye ulemavu katika kifungu cha 54 cha katiba ya 2010, na tangu 2013 asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengwa kwa vijana, wanawake na wenye ulemavu, ingawa wanaoipata hulalamika malipo huchelewa. Tanzania ilipitisha sheria yake ya wenye ulemavu mwaka 2010, na halmashauri zake zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, urejeshaji ukiwa mbovu, ikarejeshwa 2024. Zanzibar ina Umoja wa Watu wenye Ulemavu tangu 1985. Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Boston nacho kilikuja na mpango wake wa kuwachukua wataalamu wa Kenya, Tanzania na Uganda kwa wiki chache katika vituo vya Marekani vinavyosaidia wenye ulemavu kupata ajira, kisha Wamarekani nao wakaja huku kuona wageni wao wanafanya nini nyumbani. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, na ndiyo inayofaa kuigwa.

Kongo ilikuja nyuma, lakini ilikuja. Katiba ya 2006 inatamka usawa katika kifungu cha 14 na ulinzi wa wenye ulemavu katika kifungu cha 49. Septemba 2015 nchi ikajiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Mwaka 2019 ikapata kwa mara ya kwanza waziri wa kushughulikia jambo hilo, mwanasheria Irène Esambo, ambaye mwenyewe anaishi na ulemavu. Na tarehe 3 Mei 2022 ikatangazwa sheria nambari 22/003 ya ulinzi na uendelezaji wa haki zao, siku ileile ambayo mkataba wa Umoja wa Mataifa ulianza kutumika mwaka 2008.

Hapa pana kichekesho ambacho watu wa MIUSA wenyewe hawakifichi. Marekani, iliyopitisha sheria yake kubwa ya wenye ulemavu mwaka 1990 na kuufanya mkataba huo ufanane nayo kwa mengi, haijauridhia. Desemba 4, 2012 Seneti ilipiga kura: 61 ndiyo, 38 hapana, na kwa kuwa theluthi mbili zilihitajika, ukaanguka. Bob Dole, seneta wa zamani aliyejeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa ameletwa ukumbini kwenye kiti cha magurudumu kuwaomba wenzake. Walimsalimia, wakapiga kura ya hapana. Kwa hiyo mwanamke wa Kindu akisimama leo mbele ya ofisa wa jimbo, ana mkataba wa kimataifa mkononi ambao dada yake wa Eugene hana. Wa Eugene ana ubao wa basi unaoshuka. Kila mmoja ana cha kumdai mwenzake.

Sifa zimeshatolewa, na Sygall alipewa tuzo ya MacArthur mwaka 2000. Tuzungumze sasa juu ya mlango wenyewe, maana historia ya taasisi isiyosema nani alibaki nje ni tangazo. Safari ya kwenda Marekani inaanza na pasi, na mahojiano ya viza ubalozini Kinshasa. Kwa mtu wa Kindu hiyo ni ndege ya kwanza kabla ya ndege. Fomu inajazwa kwa Kiingereza, mahali ambapo watu wamesoma kwa Kifaransa na kuishi kwa Kiswahili. Barua ya chama chako inataka anwani ya barua pepe na taarifa za benki. Nchini kwetu, kama kwingineko, anayevuka vizuizi hivyo ni aliyesoma, anayeishi mji mkuu au karibu na uwanja wa ndege, na mara nyingi tayari amesafiri. Hilo si kosa la mtu mmoja, ni hesabu ya njia. Lakini matokeo yake yanaonekana: mwenye magongo wa Kinshasa atapata nafasi kabla ya kiziwi wa Kibombo huku Maniema, na kiziwi wa Kibombo hata hatajua kulikuwa na nafasi. Tembea uone, wanasema. Wengine wanaona kwa sababu walikuwa na nauli.

Pili ni pesa. Sehemu kubwa ya mipango hii, ya MIUSA na ya wengine, iliegemea serikali ya Marekani, ama wizara yake ya mambo ya nje ama USAID. Kituo cha taarifa za kubadilishana kwa wenye ulemavu kilichoanzishwa mwaka 1995 chini ya MIUSA kililipiwa na wizara hiyo. Mwanzoni mwa 2025 fedha za kubadilishana zilisimamishwa, na tarehe 1 Julai mwaka huo USAID ikafungwa rasmi. Chama kilichojenga mtandao wa wahitimu zaidi ya 2,000 duniani kilijikuta, pamoja na wengine wengi, kikihesabu upya. Kwa vikundi vya Maniema vilivyokuwa vikipata msaada wa chakula na afya kupitia mikono hiyohiyo, pigo lilikuwa kubwa zaidi na la karibu zaidi kuliko nafasi ya masomo.

Ndiyo maana nadhani sehemu ijayo ya historia hii, kama itaandikwa, haitaandikwa Oregon. Norway ilishafikiri hivyo tangu 2000 ilipolifufua shirika lake la amani na kulipa sharti la kubadilishana pande zote mbili, hata kati ya nchi za Kusini zenyewe, bila Mnorwe katikati. Na Kongo, karibu mwezi mmoja kabla ya kutangaza sheria yake ya 2022, ilikuwa imetia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarehe 8 Aprili. Kwa mara ya kwanza mwanamke wa Kindu ana jumuiya ambayo lugha yake ya sokoni ni mojawapo ya lugha za mkutano.

Wa kufundisha hawako mbali. Mpakani Goma, kabla vita vya 2025 havijavuruga kila kitu, wenye ulemavu walikuwa wameushika usafirishaji wa mizigo kati ya Kongo na Rwanda kwa baiskeli za mkono zilizorefushwa nyuma: mwenyewe amekaa mbele akizungusha mikono, magunia yamepangwa nyuma yake hadi mwisho wake hauonekani, vijana wawili watatu wakisukuma na kulipwa naye. Alikuwa mwajiri. Wanawake walikuwemo. Mashirika mengi yalipita hapo yakipiga picha za kusikitikia, na hayakuuliza anaweka wapi faida yake wala aliwezaje kujadiliana ushuru na maofisa wa pande mbili. Hayo ni masomo ya uchumi.

Na njia ya Kindu kwenda mashariki ipo, ijapo mbovu: reli hadi Kabalo, kisha Kalemie, kisha meli ya ziwani hadi Kigoma, ambako halmashauri ina asilimia zake mbili za mikopo ya wenye ulemavu na wanawake wanaojua ni karatasi gani inayokataliwa na ofisa gani. Treni haiendi kwa saa, na behewa halina ubao wa kupandia. Lakini nadhani fedha zinazomfikisha mtu mmoja Oregon zingewapeleka Kigoma wanawake sita, akiwemo mkalimani wa lugha ya ishara, na kuwarudisha pamoja na wenyeji wao sita waje kuona sanduku la kufuli tatu linaendeshwaje katika mji usio na daraja. Wahitimu wa Eugene walioko Kampala, Nairobi na Dar es Salaam wanajua tayari namna ya kuandaa wiki tatu za aina hiyo. Wafuatwe hao kwanza.